Miaka Saba na Miezi Minne

— Zima hiyo simu! Tangu lini binti anayetolewa mahari akashinda na simu mkononi?

Shangazi Eustadia alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kokuhirwa alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama yake, kavaa kitenge kipya, kapakwa mafuta mpaka anang'aa, na macho yameganda kwenye simu.

Nje, chini ya turubai, wageni kutoka Nkwenda walikuwa wameshakaribishwa. Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa inazunguka, na wazee wa pande mbili walikuwa wanapeana yale maneno ya heshima yanayochukua saa nzima kabla mtu hajasema alichokuja kusema. Kijiji kizima cha Ihembe kilijua kwamba leo binti wa Mzee Cassian, yule anayeruka na ndege, anatolewa mahari.

Ujumbe uliomgandisha ulitoka kwa Ummy, mwenyekiti wa tawi lao la chama cha wafanyakazi, huko Dar es Salaam:

"Koku, mwajiri kaleta barua. Kazi ya ardhini watawapa wenye miaka saba na miezi minne kazini kwenda juu. MIAKA SABA NA MIEZI MINNE! Nani kawaambia? Wanataka jibu kabla ya saa kumi."

Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo penye moto. Kokuhirwa ni mhudumu wa ndege katika shirika la Kipanga, miaka sita sasa, na ndiye katibu wa tawi. Jumamosi hiyo hiyo wenzake walikuwa mezani na mwajiri wanajadili mkataba mpya wa hali bora za kazi. Saa za mapumziko zilishapita, posho za safari zilishapita. Kilibaki kifungu kimoja tu, cha mimba. Mkataba wa zamani ulisema mhudumu akishika mimba anarudishwa nyumbani bila mshahara, na akishajifungua anaomba kazi upya kama mtu aliyetoka mtaani. Chama kilitaka apewe kazi ya ardhini, kaunta au ofisini, kwa mshahara wake uleule. Kila mhudumu, hata aliyeanza jana.

Lakini mtu haendi kwenye majadiliano bila pa kuangukia. Wajumbe wanne walikaa sebuleni kwa Ummy wakakubaliana kimyakimya: ikishindikana kabisa kabisa, waokoe angalau wenye miaka saba na miezi minne. Kwa nini hiyo namba ya ajabu? Kwa sababu mwenzao Mwaja alikuwa ametimiza miaka saba na miezi minne, na tumbo lilishaanza kuonekana. Basi. Hakuna mtu duniani ambaye angeota namba hiyo usingizini.

Na iliandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la Kokuhirwa. Tena kwa Kinyambo! Ummy mwenyewe ndiye aliyetoa wazo hilo, baada ya karatasi zao kupekuliwa mara mbili kazini.

— Andika kwa lugha yenu ya huko Karagwe, Koku. Nani hapa Dar atasoma?

Wakacheka wote, wakajiona wajanja. Lakini kwenye shirika zima wanaosoma Kinyambo walikuwa wawili. Mmoja ni Kokuhirwa. Wa pili, Yustus wa ofisi ya zamu, alikuwa amekaa pale chini ya turubai, kavaa suti ya kijivu, anasubiri kupewa mke.

Kokuhirwa akaandika: "Njoo nyuma ya jiko. Sasa hivi."

Yustus akajibu upesi: "Mke wangu, hatujaruhusiwa kuonana. Wazee watanila nyama, hahaha."

"Njoo, au nakuja hapo mbele."

Alipoinuka, shangazi akamzibia mlango.

— Unakwenda wapi? Hujaitwa!

— Shangazi, nipishe.

— Kokuhirwa, wewe una wazimu? Binti hatoki ndani mpaka aitwe!

— Nipishe, shangazi, kabla sijakukosea adabu.

Eustadia alipoona yale macho, akapisha.

Nyuma ya jiko kibanja kinaanzia hapo hapo, migomba imeshonana. Yustus alikuja anatabasamu, anaangalia nyuma kama mtu aliyeiba nyama chunguni.

— Umependeza, jamani. Ila shangazi yako...

— Ni wewe?

— Mimi nini?

— Yustus, usinichezee akili. Daftari langu. Miaka saba na miezi minne.

Tabasamu likakatika. Akaangalia viatu vyake.

— Hilo tutaliongea Jumatatu, Koku. Wazee wanatusubiri.

— Tutaliongea hapa hapa.

— Usipige kelele basi.

— Sijaanza kupiga kelele! Ni wewe?

Yustus akashusha pumzi.

— Nilikuja kwako, uko bafuni, daftari liko mezani. Nikasoma, nikapiga picha, nikampelekea bosi. Ndiyo hivyo tu.

— Lini?

— Ile Jumatano.

Jumatano! Jumatatu ya wiki hiyo hiyo Kokuhirwa alikuwa amemtumia picha ya kipimo chenye mistari miwili. Yustus akampigia simu huku analia, anamwita mama wa mwanangu. Hata mama mzazi wa Kokuhirwa alikuwa hajaambiwa. Machozi yalikuwa ya Jumatatu, usaliti wa Jumatano. Hata siku tatu hakumaliza!

— Ulijua nina mimba, alisema kwa hasira. Ulijua nina miaka sita tu kazini. Ukawapelekea namba inayoniacha mimi nje?

— Ndiyo maana nikawapelekea!

— Unasemaje?

— Koku, mimi ndiye ninayewapangia zamu. Mimi! Leo nakuandika Mwanza, kesho Johannesburg, keshokutwa Mumbai. Mke wangu namwona kwenye ratiba kuliko ninavyomwona nyumbani. Uliposhika mimba nikamshukuru Mungu, nikasema sasa atatulia. Halafu nyinyi mnakuja na kifungu chenu, mtu akae kaunta miezi yake, ajifungue, arudi angani! Mimi nitaoa lini sasa? Ukirudishwa nyumbani, utakuwa nyumbani. Nitakulisha. Bosi ameshaniahidi ukuu wa kitengo.

— Na wenzangu je? Wasichana wenye mwaka mmoja, miaka miwili?

— Wenzako sijawachumbia.

Mimi ninayesimulia ningemtandika kofi hapo hapo. Kokuhirwa hakumgusa. Kuna jambo lilikuwa limemjia kichwani.

— Jumamosi ya leo nani aliichagua?

Yustus akachungulia kuelekea kwenye turubai.

— Nilikuomba tusogeze wiki moja, kikao kipite. Ukaniambia baba yako mkubwa anasafiri, lazima iwe leo. Anasafiri kwenda wapi?

— Koku...

— Anasafiri kwenda wapi, Yustus?

— Sikutaka uwepo mezani wakati wanakataa. Ungeumia. Nakupenda, wewe mwanamke, huelewi tu!

— Ulinipangia zamu, alisema Kokuhirwa. Hata siku ya mahari yangu ulinipangia zamu!

Akageuka. Yustus akamshika mkono.

— Niachie.

— Usiniaibishe mbele ya wazee. Una mtoto wangu tumboni. Utakwenda naye wapi?

— Niachie mkono kabla sijaita watu.

Akamwachia. Kokuhirwa akampigia Ummy palepale, mgongo kaegemeza kwenye ukuta wa jiko.

— Ummy, namba imetoka kwangu.

— Unasemaje?

— Yustus kasoma daftari. Anajua Kinyambo. Sikufikiria, niliacha mezani. Kosa ni langu.

— Kokuhirwa! Yule mwanamume wako yuko ofisi ya zamu, ofisi ya mwajiri, na wewe unaacha daftari mezani? Miezi minane tunahangaika! Unajua Mwaja amekaa hapa analia?

— Najua. Nivueni ukatibu, nifanyeni mtakavyo, ila msisaini.

— Tusisaini, tuwaambie nini? Wanajua pa kutubana, na wanajua tutakubali!

— Rudi ndani. Uweke simu mezani, uweke spika. Nitawaambia mimi.

Kabla Ummy hajajibu, kutoka mbele ya nyumba ikasikika sauti ya Mzee Cassian ikimwita binti yake. Kwao ni hivi: wazee wanaweza kuzungumza mchana kutwa, lakini mahari haipokelewi mpaka binti atoke, aulizwe mbele ya watu kama anawajua wageni na kama walicholeta kipokelewe. Na ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna wa kumjibia.

Vigelegele vikapigwa. Vikakatika vyenyewe watu walipomwona Kokuhirwa anakuja kutoka upande wa jiko, peke yake, simu imeinuliwa. Yustus alikuwa ametokea upande wa pili, anajipangusa suti.

— Weka simu chini, alisema Mzee Cassian.

— Nisamehe, Taata. Dakika mbili tu. Hii simu nayo ni ya shughuli hii hii.

Kutoka kwenye simu sauti ya mwanamume ikauliza:

— Nani huyo anayeongea?

Alikuwa mwanasheria wa mwajiri. Kokuhirwa akasogeza simu mdomoni, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

— Ni katibu wa tawi. Naitwa Kokuhirwa Cassian. Nina miaka sita na miezi miwili kazini, na nina mimba ya wiki tisa.

— Yesu wangu! Shangazi Eustadia akajishika kichwa. Mama yake akakaa chini palepale alipokuwa.

— Kwa mkataba wenu wa zamani, nimeshafukuzwa hapa niliposimama. Andikeni barua, nitaipokea. Lakini hiyo namba yenu mmeiiba kwenye daftari langu. Aliyewaletea yuko hapa mbele yangu na suti, amekuja kunioa, na amekiri kwa mdomo wake. Chama hakiitambui hiyo namba. Tumerudi kwenye dai letu la kwanza: kila mhudumu, tangu siku yake ya kwanza kazini. Mkikataa, Jumatatu mnapokea notisi ya mgomo, na magazeti yatapata sababu yake.

Kisha sauti ya Ummy, nzito:

— Nadhani mmesikia, waheshimiwa.

Simu ikakatwa. Sasa akabaki na watu wa kwao. Mzee Cassian alikuwa amesimama, fimbo mkononi.

— Mimba?

— Ndiyo, Taata.

— Ya huyu?

— Ya huyu.

Mzee akamgeukia Yustus.

— Ulimwibia daftari?

— Baba, nilifanya kwa mapenzi...

— Sijakuuliza mapenzi! Nimekuuliza daftari!

Yustus akainamisha kichwa. Mzee Ainebyona, msemaji wa wageni, akainuka haraka, mikono kaikunja kwa unyenyekevu.

— Mzee mwenzangu, vijana hukosana. Binti ana hasira, na hali aliyonayo inajulikana, hasira zake ni za kawaida. Sasa mtoto yupo, turudi nyuma vipi? Tutaongeza ng'ombe wa kumfuta machozi. Mambo ya ofisini tuyaache ofisini.

— Si ya ofisini! Kokuhirwa alifoka. Alitaka nifukuzwe kazi ili nisiwe na pa kwenda! Ng'ombe gani anafuta hilo?

— Nyamaza, alisema baba yake. Bado sijakuuliza.

Akajikohoza. Akasimama wima, akauliza kama walivyouliza wazee waliomtangulia:

— Kokuhirwa, hawa watu unawajua?

— Nawajua.

— Walicholeta tukipokee?

Mama yake alikuwa anamtikisia kichwa kutoka chini, machozi yanamtoka, anamsihi. Kanisani watasema, sokoni watasema. Kokuhirwa aliyaona yote hayo. Aliogopa, msidhani hakuogopa.

— Warudi nacho.

Mzee Cassian alisimika fimbo yake chini. Hakumkumbatia binti yake, wala hakumwangalia. Akawaambia wageni:

— Mmesikia kwa mdomo wake. Chakula kimeshaiva, hakuna anayetoka kwangu na njaa. Kuleni. Mkimaliza, mfungue mbuzi wenu.

Walikula, wakafungua mbuzi wao, wakaondoka. Mzee alikaa siku nne bila kumsemesha Kokuhirwa. Siku ya tano akamkuta anafunga begi, akamwuliza kama huko kaunta kuna kiti, au mtu anasimama kutwa nzima na mimba. Kokuhirwa akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Maana kaunta ilikuwa imepatikana. Mwajiri alihangaika, akaomba siku mbili, akaomba nyingine mbili, na Alhamisi akasaini: kila mhudumu, tangu siku ya kwanza. Mwaja alisaini kama shahidi wa chama, tumbo limegusa meza. Wajumbe walimvua Kokuhirwa ukatibu kwa kura tatu. Hakubisha, daftari lilikuwa lake.

Jumatatu iliyofuata, yuko kwenye chumba cha wafanyakazi anafunga skafu ya kuanza zamu ya kaunta, ujumbe ukaingia kutoka kwa Yustus.

"Nasikia mmeshinda. Hongera. Ukuu wa kitengo sikupewa, wameniambia mtu wa kupeleka siri hawezi kuaminiwa. Koku nimekosa, naumia. Naomba nije tuongee habari za mtoto na habari zetu."

Aliusoma mara mbili. Kisha akajibu:

"Habari za mtoto, nenda Ihembe kwa baba yangu, ukamwambie ukweli wote, tangu machozi ya ile Jumatatu hadi daftari la ile Jumatano. Akikusikiliza, mtoto atakujua. Habari zangu mimi, usije."

Akatuma. Akaweka simu kwenye mkoba, akaenda kufungua kaunta. Foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.