Madoa kwenye Mashavu ya Chungwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Kidoti alipita sebuleni kuwalisha samaki wa babu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya alama ndogo nyeusi kidevuni mwake. Samaki wenyewe walikuwa wawili tu: Chungwa, aliyefanana na jina lake, na Fedha, mnene, mweupe, mpole. Bibi ndiye aliyewanunua. Tangu bibi afariki, babu alishinda karibu na tangi lile la kioo, akizungumza nao.

"Hawanijibu," alizoea kusema, "lakini pia hawanikatizi maneno."

Jumamosi moja, Kidoti alipokuwa akidondosha chakula, aliona vitu vyeupe kwenye mashavu ya Chungwa, vidogo kama chembe za chumvi. Akamwita kaka yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Profesa kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu, liwe la kweli au la kubuni.

Profesa aliinama, akatupa jicho mara moja, akanyooka. "Huu ni ugonjwa wa madoa meupe. Unaambukiza vibaya. Tusipofanya haraka, tutabaki na tangi la maji matupu."

Babu alisikia. Aliweka chini kikombe chake cha chai, akasogeza kiti chake karibu na tangi.

Profesa alimchota Chungwa kwa wavu, akamtia kwenye ndoo, kisha akatoka mbio kwenda dukani kutafuta dawa. Kidoti naye akachukua simu ya babu, akampigia shangazi, ambaye alikuwa daktari wa mifugo.

"Shikamoo, shangazi. Chungwa anaumwa! Ana madoa meupe!"

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Madoa yako mwili mzima au sehemu moja?"

"Kwenye mashavu... na..."

"Mkiani je? Anakula? Anajisugua kwenye mawe?"

Ulimi ulimwasha Kidoti aseme ndiyo kwa kila swali, ili dawa ipatikane upesi. Lakini je, alikuwa ameyaona hayo?

"Sijui, shangazi," alisema kwa aibu. "Sikuangalia. Profesa amemtia kwenye ndoo, amekwenda kununua dawa."

"Ahsante kwa kusema kweli. Ungenibunia dalili, nami ningekupa dawa ya ugonjwa wa kubuni. Mrudishe tangini. Wamekaa maji mamoja siku zote, kwa hiyo kumtenga sasa hakusaidii, na hiyo ndoo haina hewa ya kutosha. Mwangalie kwa utulivu, halafu unipigie. Dawa isiguse maji kwanza."

Kidoti alimkuta Chungwa juu ya maji ya ndoo, akitweta, mdomo wazi. Alimrudisha tangini taratibu, karibu na pampu ya hewa, na baada ya muda pumzi zake zikatulia. Kisha Kidoti akavuta kigoda, akachukua kioo cha kukuzia ambacho babu alisomea gazeti, akaanza kutazama.

Madoa yalikuwa kwenye mashavu tu, yanapofunikwa matamvua ya kupumulia, na kwenye ukingo wa mapezi ya mbele, yamejipanga kama shanga. Mkia ulikuwa safi. Magamba yalikuwa safi. Alipodondoshewa chakula, Chungwa alikidaka. Hakujisugua popote. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumfukuza Fedha huku na huku, akimsukuma tumboni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Profesa aliingia akihema, chupa ya dawa mkononi, kifuniko kimeshatolewa. Kidoti alisimama mbele ya tangi, mikono ameitanua.

"Hapana, kaka! Bado hatujui anaumwa nini."

"Nimeshakwambia! Watakufa wote kwa ubishi wako!"

"Mkiani uliyaona?"

Profesa akafungua mdomo, akaufunga.

"Funga na hiyo chupa," babu alisema kwa sauti ya chini. "Tumsubiri daktari."

Kidoti alimpigia shangazi na kumweleza yote aliyoyaona. Shangazi alicheka, akaja mwenyewe alasiri, buti za kazini bado miguuni. Alichungulia tangini, akamgeukia babu.

"Baba, huyu haumwi. Huyu amebalehe! Dume wa samaki hawa akiwa tayari kuzaa hutokwa na chembe hizi. Madoa ya ugonjwa hutapakaa ovyo mpaka mkiani, na mara nyingi samaki hujisugua na kukataa chakula."

Babu alishika mbavu. "Kumbe ni chunusi za ujana! Kama za Profesa!"

Profesa alijishika paji la uso, akajaribu kununa, akashindwa.

Shangazi akaonyesha majani ya majini. Yalikuwa yamegandwa na mayai madogo ya Fedha, maangavu kama matone ya umande. Waliyahamishia kwenye bakuli la kioo, maana samaki hawa hula mayai yao wenyewe. Wiki iliyofuata, shangazi alipokuja tena, bakuli lilijaa vitoto vyembamba kama kope.

"Tazameni," aliwaambia. "Dawa ya ugonjwa usiokuwepo ingeweza kuwa sumu kwa hawa. Profesa aliamini anajua, kwa hiyo hakutazama. Kidoti alikiri hajui, ndipo akaenda kutazama. Ukitaka kutibu, au kuhukumu jambo lolote, anza kwa macho yako, na usichokiona usiseme umekiona."

Profesa alikuna kichwa. "Shangazi... hivi vitoto vinakula nini?"

"Kiini cha yai la kuchemsha, kilichopondwa laini. Kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiti."

Profesa akaenda jikoni kuchemsha yai, na Kidoti akamfuata.