Simu Kabla ya Mishumaa

Duka la Waafrika pale mjini Laurel, ughaibuni, lilikuwa limefurika watu, na foleni ya samaki haisogei. Laurean, Mhaya mwenye mabega mapana ndani ya ovaroli ya mafundi lifti, alimtazama msichana aliyekuwa mbele yake. Alivaa gauni la kijani refu na kilemba cha manjano, naye alikuwa akimgeuza sato huku na huku.

"Dada, huyo samaki kaiba nini mpaka unampekua hivyo?"

"Naangalia magamba. Asiye na magamba hatuli."

"Hata kambare?"

"Hasa kambare."

"Pole sana. Kumbe hujaanza kuishi!"

Msichana akacheka mpaka akaegemea kaunta. Aliitwa Mahoro. Mama yake alikuwa Mrundi. Baba yake, Mzee Elkanah, alikuwa Mkenya aliyezaliwa katika jamii ndogo ya Wayahudi wa nyanda za juu. Nyumbani kwao College Park walipiga soga kwa Kiswahili na kusali kwa Kiebrania. Laurean alikuwa Mkatoliki, lakini penzi liliwakolea kabla hawajakumbuka kuulizana.

Kila Ijumaa, jua likikaribia kuzama, Mahoro alimpigia.

"Mpenzi, nazima simu. Sabato inaingia. Nipende mpaka kesho jioni."

"Halafu baada ya hapo nipumzike?"

"Jaribu uone!"

Kisha Mahoro akapata nafasi ya kusoma dini mwaka mmoja Jerusalem, kwenye chuo cha wanawake.

"Mwaka mzima, Mahoro?"

"Tangu utotoni nasali maneno ambayo nusu yake siyaelewi. Nataka kuyaelewa, Laurean. Nikirudi, utakuja kwa baba useme unachotaka kusema."

Kwenye uwanja wa ndege wa Dulles Mahoro alilia, akamwachia harufu ya mafuta ya nazi kwenye kola ya shati.

Masomo yalipoanza, Mahoro alipiga simu akiwa na furaha tele. Alisimulia jinsi yeye na mwenzake walivyobishana asubuhi nzima juu ya mstari mmoja, na jinsi mwalimu alivyowaacha wabishane. Laurean alisikiliza. Furaha ile haikumhitaji. Alipomlalamikia Dunstan, fundi mwenzake, aliambiwa: "Mpime. Anayekupenda utamjua kwenye moto."

Ijumaa iliyofuata, mchana huko Laurel, jua likizama Jerusalem, Laurean alimpigia Mahoro.

"Mpenzi, fanya haraka, tunawasha mishumaa ya Sabato."

"Nimepata mwingine. Anaitwa Bupe. Tunaoana."

Nyuma ya Mahoro, wasichana walianza kuimba.

"Unatania. Laurean, sema unatania."

"Nipigie baadaye tuongee."

"Unajua siwezi mpaka kesho Sabato itoke!"

"Ukinipenda utapiga." Akakata.

Hakukuwa na Bupe yeyote.

Laurean alikaa na simu mapajani akisubiri. Kwanza alikasirika, kisha akaogopa. Alipopiga mwenyewe, simu ilikuwa imezimwa.

Jumamosi mchana ikalia. Sauti ya Mahoro ilikuwa imekauka.

"Sabato imetoka. Hongera kwa ndoa."

Laurean alicheka kwa ahueni. "Mahoro wangu! Hakuna ndoa. Nilikuwa nakupima tu."

"Unanipima?"

"Nilitaka kujua kama utaniweka mbele."

"Nimeshinda sijala. Wenzangu walidhani nimefiwa. Mara mbili nimeishika simu niiwashe, nikairudisha."

"Kwa hiyo unanipenda!"

"Nilikupenda. Wewe ukachagua saa ambayo siwezi hata kukujibu, ukanipiga hapohapo."

"Nisamehe. Nitapanda ndege kesho."

"Usije."

"Basi nikusubiri mwaka uishe?"

"Jana asubuhi ningekuambia ndiyo."

Siku iliyofuata Laurean alivaa suti ya bluu aliyoinunua kwa ajili ya posa, akaenda College Park. Mzee Elkanah alimfungulia, akamketisha, akammiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai. Mahoro amesema ukija nikukirimu kama mgeni yeyote. Amebadilisha namba, ameniomba nisikupe."

Laurean alikunywa ikiwa bado inachemka, ikamwunguza ulimi, akaendelea kunywa.

"Naweza kuja tena, baba?"

"Karibu," mzee alisema, akikichukua kikombe. "Ila yeye hutamkuta. Hata akirudi, hutamkuta."