Mikono Mgongoni mwa Ornella

Jumapili hiyo ya Oktoba dada yangu Ornella aliamka mapema, akachemsha kahawa, akapaka mkate jamu ya tini, kisha akamwita mumewe mara tatu. Shemeji yangu Duilio hakuwa mtu wa kuitwa mara moja. Mimi ni fundi baiskeli, na jioni ya jana yake nilikuwa nimewabadilishia breki, za mbele na za nyuma, zake na za mkewe. Nalitaja hilo mapema ili mtu asije akaniambia breki zilikuwa mbovu.

Walikuwa na mazoea yao. Kila Jumapili, kilomita hamsini, kwa njia za ndani ambazo magari hayapiti, katikati ya mizabibu na vilima vya udongo wa kijivu. Ornella alikuwa na miaka hamsini na sita na goti moja lilimsumbua. Kwa hiyo penye mlima Duilio humtangulia, humsubiri juu, na mkewe akifika humtania.

"Nilidhani umeolewa na mwingine huko njiani."

"Ningempata, ungeniona hapa?"

Siku hiyo walipumzika Montecerro, kwa bibi Zelmira, mwenye mkahawa pekee wa kijiji kile. Duilio akamwambia kwamba watarudi kwa barabara ya zamani, ile ya vumbi jeupe inayopanda nyuma ya kanisa lililobomoka. Zelmira alikuwa anafuta meza. Akaacha kufuta.

"Njia hiyo watu hawaipiti."

"Ndiyo uzuri wake, bibi."

Zelmira hakumtazama yeye. Alimtazama Ornella, akashusha sauti. "Basi mpande pamoja, mwanangu. Mtu asibaki nyuma."

Walitoka wakicheka. Ilikuwa saa sita mchana, anga ni safi, na kutoka mashambani ilisikika trekta ya mtu anayelima hata Jumapili.

Kona mbili za kwanza walipanda bega kwa bega. Lakini Duilio mwendo wa polepole unamchosha kuliko mlima wenyewe. "Nakusubiri juu," akasema, akasimama kwenye pedali, akapotea nyuma ya miberoshi. Trekta nayo haikusikika tena.

Kwenye kona ya nne Ornella alihisi mkono mgongoni.

Kiganja kizima, juu kidogo ya kiuno, vile waendesha baiskeli wanavyomsukuma mwenzao aliyechoka. Pedali zikawa nyepesi. Goti likaacha kuuma. Akashukuru moyoni, maana Duilio hajawahi kumfanyia hivyo.

"Asante, mzee," akasema bila kugeuka. "Leo umeamka na huruma."

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa gurudumu tu, tik, tik, tik, ule wa baiskeli inayoteleza bila mtu kukanyaga pedali. Inateleza, huku inapanda mlima.

Akaimaliza kona, akainua uso. Duilio alikuwa kileleni, mita mia mbili mbele yake, amesimama, anakunywa maji.

Ornella hakugeuka. Aliniambia baadaye: "Tarcisio, nilijua nikigeuka nitaona. Na nikishaona sirudi nyumbani." Aliinamisha macho akatazama barabara. Kivuli kilikuwa kimoja, cha kwake. Mkono ulikuwa bado upo. Ulikuwa baridi sasa, baridi iliyopenya fulana mpaka kwenye ngozi.

Alijipa moyo kwamba juu utamwacha.

Akampita Duilio kileleni kwa kasi ambayo hajawahi kuwa nayo. "Leo una miguu ya nani?" Duilio akamwuliza huku anacheka. Ornella alitaka kujibu, lakini alikuwa ameshampita. Mteremko ukaanza. Duilio, ambaye mteremko ndio starehe yake, akaruka juu ya baiskeli, akampita akipiga mluzi, akaenda kumsubiri kwenye kona kali ya chini kama kawaida yake. Akasimama ukingoni, mguu mmoja chini, mgongo kwenye korongo.

Mkono haukuondoka.

Ornella akabana breki zote mbili. Magurudumu yakagoma kuzunguka, yakaburuzwa juu ya changarawe. Akasikia harufu ya mpira unaoungua. Baiskeli haikupunguza mwendo. Mkono ulisukuma taratibu, bila pupa, kama wa mtu mwenye nia njema.

Kisha ukaja wa pili.

Mbele yake palikuwa na Duilio, na nyuma ya Duilio hapakuwa na kitu. Ornella akaelewa kwamba hasukumwi peke yake. Wanasukumwa wote wawili, na yeye ndiye wa kumgonga mumewe. Akafanya kitu kimoja alichoweza. Akalaza baiskeli, akajitupa ndani ya kichaka cha miiba.

Mfupa wa bega ulivunjika na akausikia. Alipofumbua macho, mlio ulikuwa unampita. Tik, tik, tik. Hakuona gurudumu. Aliona vumbi jeupe likiinuka kwa mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, unaoteremka kumfuata Duilio.

"Duilio," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Lala chini."

Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, shemeji yangu hajawahi kufanya jambo bila kuuliza kwa nini. Siku hiyo hakuuliza. Akaachia usukani, akalala kifudifudi, akachimbia vidole kwenye majani.

Baiskeli yake haikuanguka. Ilibaki imesimama bila mtu. Ikatulia hivyo kidogo. Halafu ikaanza kwenda, polepole, kama iliyoshikwa kwenye kiti, mpaka ukingoni, ikazama. Waliisikia ikigonga mawe kwa muda mrefu.

Walinipigia simu nikaenda na gari langu. Nilipopita Montecerro, Zelmira alikuwa mlangoni, akaninyooshea mkono nisimame. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

"Amesukumwa?" akaninong'oneza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Enzi za baba yangu kulikuwa na kijana wa baiskeli aliyewasukuma wenzake kila mlima, na kuwagawia vipande vya sukari. Siku aliyochoka yeye, hakuna aliyegeuka kumtazama. Walimkuta siku ya tatu, chini ya kona." Akaingia ndani, akafunga mlango, mchana ule.

Niliwakuta katikati ya barabara, kichwa cha Ornella mapajani mwa mumewe. Duilio alikataa kusogea upande wowote mpaka nilipolisimamisha gari kati yake na korongo.

Hospitalini muuguzi aliikata fulana. Mgongoni palikuwa na alama mbili za viganja, vidole vyote kumi, rangi ya zambarau. Muuguzi akamtazama shemeji yangu kwa jicho baya. "Nani kamshika hivi?" Duilio akaangalia mikono yake mwenyewe na kulia. Viganja vya alama zile vilikuwa vikubwa kuliko vyake.

Alama zilifutika baada ya wiki mbili. Nguo zake nilizichukua mimi ili nizitupe. Nikapekua mifuko ya nyuma ya fulana, ile anayowekea funguo na leso. Katika mfuko wa katikati kulikuwa na vipande vitatu vya sukari, vimefungwa kwenye karatasi ya kahawia. Ornella hatumii sukari, na sukari ya namna hiyo dukani kwetu haiuzwi tena. Viwili vilikuwa vizima. Cha tatu kilikuwa kimeng'atwa nusu, kina alama za meno, na kimelowa mate.

Niliviweka dirishani kwenye karakana yangu. Sasa ni mwaka wa nne. Kila kiangazi sisimizi hujaa dirisha lile, wanapanda, wanashuka, wanavizunguka bila kuvigusa. Viwili vimeshakuwa vigumu kama jiwe.

Kile cha tatu nimekigusa asubuhi ya leo. Bado kimelowa.