Jibu Litatoka Mlimani

Pikipiki ilimzimikia mshonaji katikati ya foleni ya kituo cha mafuta, asubuhi watu wakikimbilia kazini. Honi zikaanza nyuma yake. Alivaa gauni la maua aliloshona mwenyewe juu ya suruali ya jinzi, na kofia ngumu nyekundu iliyomzidi kichwa. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga furushi la sare za wateja.

"Dada, klachi unaiachia kama umeshika kaa la moto," ilisema sauti pembeni.

"Na wewe unaongea kama kuna mtu kakuita."

Alikuwa makenika wa karakana ya jirani, ovaroli imelowa oili mpaka magotini. Akaisukuma pikipiki kando, akamwonyesha namna ya kuachia klachi polepole huku mkono wa kulia ukiongeza mafuta kidogo kidogo. Ikaondoka bila kuruka. Kesho yake mshonaji akarudi, eti breki zinalia. Breki zilikuwa kimya kabisa.

Mapenzi yakaanzia hapo. Jioni makenika alimfundisha kwenye kiwanja cha nyuma: kona, breki, hata kufungua kabureta na kuisafisha. Siku aliyoanguka vibaya, makenika alimchomoa kokoto kiganjani, akamuuliza kama atakubali kuolewa naye.

"Unaniposa nina vumbi puani?"

"Nikingoja uoge utanikimbia."

"Basi siku nitakayopanda mlima wa mnara wa simu bila kusimama, jibu lako utalipata kule juu."

Mlima ukamgomea. Kila akifika katikati pikipiki ilichoka, malori yakampita, na madereva wa bodaboda wa kijiweni wakambatiza Konokono. "Konokono, shuka uibebe mgongoni." Alicheka nao, akifika dukani analia juu ya vitambaa vya watu.

"Ni mimi," alimwambia makenika kwenye simu. "Mkono wangu mwoga."

"Taratibu, malkia wangu. Mlima haukimbii."

Mchana mmoja akajaribu kulipita trela bovu. Akakunja mkono wa mafuta mpaka mwisho. Pikipiki haikuongeza kitu. Mbele likatokea lori la mchanga. Alirudi nyuma ya trela kwa upana wa uzi, na kioo chake cha kulia kikaondoka na lile lori.

Alisimama kando ya barabara. Ndipo akili ikamjia: mkono ulifika mwisho. Mkono haukuogopa chochote.

Aliifungua kabureta juu ya meza yake ya kukatia nguo. Ndani, chini ya kifuniko, akakuta kijibomba cha plastiki kisichozidi ukucha, kimepachikwa ili mafuta yasifunguke kupita nusu. Hakikuwapo siku walipoisafisha pamoja. Kilikatwa vizuri, kingo zimesuguliwa. Alimjua mtu mwenye mkono nadhifu namna hiyo.

Simu ikalia. "Kipenzi, umekula?" Akakata. Ikalia tena, akakata tena, akaenda mwenyewe. Alikitupa kijibomba kwenye meza ya spana.

"Hiki ni nini?"

Makenika alikiokota. "Nilitaka uzoee kwanza. Humu naletewa pikipiki zilizopondeka, na wenyewe hawarudi kuzichukua. Kila ukiondoka, roho haikai."

"Ungeniambia. Ningekubali au ningekataa, lakini ningejua nimekalia nini. Nimekutana na lori, nimekunja mkono wote, pikipiki imenitazama tu."

"Nilikuwa nitakitoa."

"Lini? Nikishazikwa? Nimelia kwako kwamba mimi mwoga, na wewe unanifuta machozi kwa mkono uleule ulioniwekea hiki."

"Nisamehe."

"Sijafika huko."

Hakupokea simu zake tena. Alienda uwanja mwingine, peke yake, kuijua upya pikipiki ambayo sasa ilikuwa na nguvu zake zote. Mara ya kwanza ilimrusha kama punda asiyezoea mzigo. Akainuka akiitukana, akapanda tena. Hasira ikamfundisha alichoshindwa kujifunza kwa kubembelezwa: kuinama kwenye kona, kubadili gia kabla mlima haujamdai, kumtazama machoni dereva anayemjia mbele.

Asubuhi moja akasimama mbele ya karakana, injini inanguruma.

"Vaa kofia. Panda."

"Tunaenda wapi?"

"Abiria haulizi."

Walipopita kijiweni mtu akaanza, "Kono..." hakumaliza. Kwenye kona ya kwanza ya mlima makenika akamwambia apunguze. Mshonaji akaongeza. Wakalipita lori la saruji, wakaibuka mnarani, akazima injini. Mikono ya makenika ilikuwa bado imemng'ang'ania kiunoni.

"Umeona ninavyoendesha?"

"Nimeona. Kuna kona nimefumba macho, lakini nimeona."

Mshonaji nusura acheke. Akajizuia.

"Jibu lako ni ndiyo. Nakupenda, na hasira ninazo bado. Nitahamia kwako nazo."

"Zilete zote. Nitazipisha kitandani."

"Sawa. Sasa shuka."

"Nishuke? Huku juu? Karakana nimeiacha wazi."

"Utaikuta. Tembea taratibu, mlima haukimbii."

Akaachia klachi polepole, akateremka bila kugeuka.