Mzee Yuko Nyumbani

Robota la nguo lilipokatwa kamba, wanawake walirudi nyuma kidogo, kisha wakalivamia. Ilikuwa Jumamosi, ghorofa ya juu ya jengo la vitambaa, na feni ilikuwa ikizungusha joto tu. Mama muuza sari, ambaye mizigo yake ya nguo kuukuu ilitoka India, alimwaga kila kitu sakafuni: sari za hariri zilizochanika pindo, pamba zilizochapwa kwa mihuri ya mbao, mitandio iliyofungwa vifundo kabla ya kutiwa rangi, blauzi zilizoshonewa vioo vidogo vidogo.

Mwanamke mmoja mwembamba, gauni lake la kijivu limefungwa vifungo hadi shingoni, aliinama na kukamata ncha ya pamba ya buluu iliyoiva yenye maua mekundu. Alipoivuta, ikagoma. Akavuta tena.

"Taratibu, dada. Utanitoa bega," ilisema sauti ya kiume.

Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanamume mrefu aliyevaa shati la krimu, mikono ameikunja, na chembe za sponji zimenasa kwenye nywele. Alikuwa fundi makochi. Watu walimpelekea viti vyao vilivyochoka, naye akavirudishia ujana.

"Nimekiona kwanza," mwanamke alisema.

"Na mimi nimekishika kwanza. Tukigawane. Mkasi ninao."

"Kitambaa hiki hakikatwi."

"Kwani unakitaka cha nini?"

"Cha mfarishi. Nashona mashuka mazito, ya vipande vipande."

Fundi akacheka. "Vipande hupatikanaje bila kukata?"

Mwanamke alitaka kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, na mama muuza sari akageuka kumtazama, maana kwa muda wote aliomjua mteja wake huyu hakuwahi kumsikia akicheka.

"Mwachie Bi Viraka," mama alimwambia fundi. Hilo ndilo jina walilompa pale sokoni. "Huyu ananunua kama mtu anayehama nchi, lakini mfarishi wenyewe hatujauona."

"Namwachia," alisema fundi. "Ila anipe namba yake ya simu. Siku atakayokikata, nataka nipigiwe."

Ndivyo ilivyoanza. Alimpigia jioni ileile.

"Umekikata?"

"Bado."

"Basi nitapiga kesho."

Akapiga kesho yake, na keshokutwa yake. Bi Viraka alipokea simu zake chumbani, amekaa kitandani, magunia ya vitambaa yakiwa yamepanda ukutani karibu yafike darini. Alimsimulia kila kipande. Hii sari ya manjano ina nyuzi za dhahabu zinazokwaruza kidole. Hii pamba nyeupe inanuka rangi ya mizizi hata baada ya kufuliwa. Fundi alisikiliza akiwa amelala chali kwenye kochi la mteja.

"Una sauti nyingine ukizungumza vitambaa," alimwambia. "Inakuwa kama umekula kitu kitamu."

"Na wewe una maneno ya kuuzia makochi."

"Makochi hayajibu, mpenzi. Ndiyo maana nakupigia wewe."

Lilikuwa neno dogo, lakini Bi Viraka alibaki nalo hadi usingizi ukamchukua.

Wakawa wanakutana kila Jumamosi pale juu, halafu kwenye mgahawa wa chini kwa chai. Mwanamke akaanza kuvaa rangi. Wiki moja blauzi ya zambarau, wiki nyingine hereni zilizomgusa shingo. Lakini kivuli cha jengo la pili kilipofika mezani kwao, alinyanyuka. Siku zote.

"Kaa kidogo," fundi alimwomba.

"Siwezi. Mzee yuko nyumbani. Hapendi jua lizame sijafika."

Fundi alilisikia neno hilo likamkaa vibaya. Hakuuliza. Alijiambia kuwa mtu husema yake akiwa tayari. Kisha Jumamosi moja, akirudi na chai, akamkuta amempa mgongo, anazungumza kwenye simu kwa sauti ya kubembeleza ambayo yeye alidhani ni yake peke yake.

"Nakuja, mzee wangu, usikasirike. Nikifika nitakukanda mgongo."

Fundi aliweka vikombe mezani. Hakukaa. Akasema amekumbuka mteja, akaondoka.

Jioni ile simu ya Bi Viraka haikulia. Alipopiga yeye, haikupokelewa. Siku ya tatu ukaja ujumbe: *Samahani kwa usumbufu. Mwenye mali yupo.* Aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Alidhani amechokwa, na kwamba mwanamume huyu anaficha uchovu wake nyuma ya fumbo.

Hakuwa na pa kwenda kulia. Nyumba ile ilikuwa ya baba yake, na baba alikuwa na masikio makali. Tangu mama afariki, mzee alifunga geti jua linapozama na kutia ufunguo mfukoni mwa shati. Sebule ilibaki vilevile alivyoiacha mama: kabati la vikombe, mapazia ya kahawia, meza ndefu ya kulia yenye viti ambavyo havikaliwi. Mfarishi huhitaji meza pana, na meza pana ilikuwa hiyo moja tu.

"Meza hii ni ya kulia," baba alimwambia mara ya kwanza alipotandaza kitambaa. Hakukitandaza tena. Alinunua, akakunja, akapanga chumbani.

Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka kukaa. Siku ya kumzika mama, kaka yake mkubwa na dada yake walisema, huku wanatafuta viatu vyao mlangoni, "Wewe huna mtu, utakaa na baba." Wao walikuwa na wenzi, watoto, kazi za mbali. Yeye akaitikia kwa sababu ilikuwa kweli siku ile. Baada ya hapo ikawa kweli kila siku.

Mzee hakuwa mbaya. Alimwachia kipande kikubwa cha mkate na kumsomea habari za gazeti wakati binti anapika. Lakini binti akikawia dakika chache dukani, simu ilianza kulia, na sauti ikawa ya mtu anayezama.

Bi Viraka alivumilia kimya cha fundi wiki mbili, halafu akachomoa mto wa kiti cha baba, akautia kwapani na kwenda nao kwenye karakana ya fundi.

Alimkuta amepiga magoti, misumari midogo midomoni, anagonga ngozi kwenye fremu. Fundi aliitema misumari kiganjani.

"Mto umebonyea," mwanamke alisema.

"Uache hapo."

"Na wewe umebonyea wapi? Niambie nikuelewe. Kama umenichoka, sema umenichoka. Mambo ya mwenye mali ni yapi?"

Fundi alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mzee wako anajua uko hapa?"

"Hajui. Akijua hatakula chakula cha jioni. Ndivyo anavyosusa."

"Unamkanda mgongo na bado unanijia mimi. Sina moyo wa kutembea na mke wa mtu."

Bi Viraka alimtazama. Taratibu, akaanza kuelewa, na alipoelewa akakaa juu ya rundo la sponji.

"Mzee ni baba yangu," alisema. "Baba mzazi. Aliyenizaa."

Kwenye karakana ya jirani mtu alikuwa anakereza mbao. Fundi naye akakaa sakafuni palepale, akajishika kichwa. "Baba," alisema. "Mimi nimekosa usingizi kwa ajili ya baba mtu."

Wakacheka, kisha fundi akamshika mkono, na mikono yake ilikuwa na gundi. "Basi njia nyeupe. Nikuoe, maana mimi nimekwisha. Nitakuja nimwone mzee."

Lakini mwanamke hakuwa anacheka tena.

"Ungekuta ni mume, ingekuwa rahisi," alisema. "Mume huachwa. Baba haachwi."

Fundi alikwenda hata hivyo, Jumapili, amevaa koti na kunyoa vizuri. Mzee alimkaribisha kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, nimekusikia. Binti yangu hana shida ya kuolewa. Ana kazi hapa."

"Nitahamia hapa, mzee. Vyumba vipo."

Mzee alianza kulifikiria. Ni binti aliyekataa, akiwa amesimama na sinia la chai. "Hapana. Tutakuwa wafungwa wawili badala ya mmoja."

Alimsindikiza fundi hadi getini. "Nipe muda kidogo," alimwambia. "Ukiona kimya, usinitungie mume tena."

"Sitakutungia. Nitakuwa pale kwenye misumari."

Aliwapigia ndugu zake. Kaka alisema ana mkutano. Dada alisema, "Mapenzi ya nini katika umri huu, mdogo wangu? Na baba atakaa na nani?"

"Ndilo ninalowauliza ninyi."

"Tutazungumza," alisema dada, na sauti ilikuwa ya mlango unaofungwa.

Mchana wa siku ya pili yake, mzee alipokuwa amelala, mwanamke aliondoa bakuli la maua na kitambaa cha meza cha mama. Akatandaza pamba ya buluu. Alisimama juu yake ameshika mkasi, akasikiliza mlango wa baba kama mwizi, kisha akakata. Sauti ya mkasi ilikuwa ndogo, kavu. Baada ya kipande cha kwanza hakuona tena ugumu. Akaleta sari ya manjano, akaleta mtandio wa vifundo, akakata na kupanga, hata meza yote ikawa rangi.

Mzee alitoka amevaa ndala. Akasimama mlangoni.

"Meza hii ni ya kulia."

"Leo tutakula jikoni, baba."

Hakupaza sauti, wala hakuacha kupanga. Mzee alivuta kiti kimoja cha vile visivyokaliwa, akakaa.

"Unakwenda," alisema.

"Naolewa, baba. Nitakaa mtaa wa pili tu. Asubuhi nitakuja."

"Na mimi?"

"Wewe una watoto watatu. Umemzoea mmoja."

Mzee aliokota kipande cha buluu, akakitazama pande zote mbili, akakirudisha pale pale. Machozi yalimjaa, naye hakujaribu kuyaficha. Binti alitaka kukimbilia kusema basi, yaishe, nitakaa. Neno lilifika ulimini. Alilizuia kwa kuuma mdomo.

Jioni aliwaandikia kaka na dada tarehe ya harusi, na kwamba kuanzia siku ile mmoja wao awe amefika kukaa na baba. Kaka alikasirika wiki nzima. Dada alikuja, na sanduku, na uso uliovimba.

Harusi ilikuwa fupi, ofisini. Mzee hakwenda. Alisema kiuno kinamwuma.

Nyumba ya fundi ilikuwa vyumba viwili juu ya karakana, vinanuka gundi na mbao mbichi. Alikuwa amemtengenezea meza ya kukatia, pana kupita mlango, hata ikabidi aiunge ndani. Bi harusi, katika gauni la manjano, aliizunguka akiipapasa. Halafu dirisha likaanza kuwa jekundu, na fundi alipogeuka akamkuta mlangoni, viatu mguuni, mkoba begani.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

Alitazama mkoba. "Sijui," alisema. "Jua linazama."

Fundi hakucheka. Alivuta stuli, akaiweka karibu na mlango, akaketi chini kando yake. Mwanamke akakaa juu ya stuli, mkoba bado begani. Walikuwa bado wamekaa hivyo simu ilipolia. Alijua ni nani kabla ya kuitazama, akapokea.

"Naam, baba."

Mzee alikohoa. Nyuma yake dada alikuwa anagombana na jiko.

"Umekula?" aliuliza. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumwuliza.

"Bado."

"Kula basi," alisema mzee, akakata simu.