Salamu Alizoziruka Uwineza

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, Uwineza aliketi mbele ya kompyuta katika nyumba yao ya kupanga katika mji wa New Hope, ughaibuni. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno chini ya video za kanisa lao, ili Papa Ildephonse, jirani yao kiziwi, aweze kuzifuata mtandaoni. Kiingereza kompyuta ilikiandika yenyewe, ingawa kwa kubahatisha. Kiswahili haikukijua kabisa, hivyo Uwineza alisikiliza, akasimamisha, akaandika.

Februari moja ilifika video ya msiba kutoka kwao Uvira. Mama mzazi wa Papa Ildephonse alikuwa amefariki, naye hakuweza kwenda kumzika. Majirani walipanga kuitazama pamoja naye jioni hiyo.

"Hii uifanye vizuri," mama yake Uwineza alimwambia. "Ni ya mama yake."

"Okay, Mama."

Alianza vizuri. Kisha shangazi yake Papa Ildephonse akasimama kusalimu. Salamu za msibani, wacha wee! Alimsalimu chifu, wachungaji, majirani, wakwe, kila mtu kwa jina lake. Nje Alice, rafiki yake, alikuwa akimngoja wakateleze kwenye barafu.

"Salamu tu hizi," Uwineza alijisemea. Akaandika, "Shangazi anawasalimu watu wote," akaruka hadi kwenye mahubiri.

Jioni sebule ilijaa watu. Papa Ildephonse aliketi mbele kabisa, macho kwenye televisheni. Katikati ya salamu, wanawake walianza kulia. Mmoja alimshika bega. Papa Ildephonse akageuka, akazitazama nyuso zao, akarudi kusoma. Maandishi yalikuwa yale yale.

"Amesema nini?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Mbona mnaniangalia? Mama alikufa akinikasirikia kwa kuwa nilimwacha vitani?"

Uwineza aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Angeweza kuisingizia kompyuta, na hakuna ambaye angejua. Lakini hakuvumilia kuona mzee yule akiogopa hivyo. Aliisimamisha video, akasimama mbele yake ili aone midomo yake.

"Ni mimi, Papa. Niliziruka salamu. Nisamehe."

Kisha akaketi kuandika, watu wote wakimngoja. Alisikiliza, akasimamisha, akaandika. Hatimaye maneno yakatokea:

"Salamu kwako Ildephonse, uliye mbali. Mama yako alituagiza tukuambie: Sikukukasirikia. Mimi ndiye niliyekusukuma ukimbie. Uliponusurika, nilishukuru. Kaa kwa amani, mwanangu."

Papa Ildephonse alisoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. Halafu akalia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alipotulia, alimwita Uwineza.

"Nilikuwa na mzigo huu tangu kambi ya wakimbizi," alisema. "Leo ungeniacha nirudi nao nyumbani."

Uwineza aliinamisha kichwa. Mzee akamwinua kidevu.

"Sikiliza, binti yangu. Mwenye masikio hujichagulia la kushika na la kuacha. Mimi usinichagulie. Kazi unayomfanyia mtu asiyeweza kuikagua, ndiyo uifanye kwa uaminifu zaidi. Andika yote, hata mtu akikohoa."

"Ndiyo, Papa."

Akarudi kwenye kompyuta, akaanza kuziandika salamu upya, kuanzia jina la chifu.