Anayefuata!

Benchi la wagonjwa lililia kiii, kama limekaliwa na mama wa kilo mia tatu, na juu yake hakukuwa na hata nzi.

Sista Elisifa alilisikia. Hakuogopa, alikuwa na hasira. Na hasira za huyu dada zinaivisha gunia la maharage bila kuni; akikemea hapa Shirimatunda, malori yanafunga breki Himo. Siku hizo alikuwa na haki. Bima ilichelewa kulipa, dawa zikaisha kabatini, wagonjwa wakahama, na Dokta Filemon, mwenye kliniki, badala ya kununua dawa akaja na akili.

"Sista, kila dakika tano toa kichwa mlangoni, uite 'Anayefuata!' Wapita njia wajue tumefurika."

"Niite nani, Dokta? Benchi tupu!"

"Ita tu. Mwezi ukiisha benchi halijajaa, nafunga, ukakamue ng'ombe wa mama yako."

Miaka kumi na moja ya unesi, leo anaita hewa! Aliita siku mbili, akaita ya tatu. Saa nne asubuhi, jua kali, akaita kwa mara ya elfu moja, kwa hasira zote alizozaliwa nazo: "ANAYEFUATA!"

Benchi likalia, pazia likajisogeza lenyewe, ikaingia baridi ya kule kileleni Kibo, ile ya kugandisha chai kikombeni, na harufu ya migomba iliyooza, halafu mzani wa pembeni ukabonyea, mshale ukapita mia, ukazunguka tena, ukazunguka mara ya tatu, kisha mto wa kiti cha mgonjwa ukazama taratibu mbele ya macho yake, na sauti nyembamba, yenye adabu kuliko ya mchungaji, ikasema:

"Nimefuata."

"Na... nani wewe?"

"Mmeniita siku tatu, sista. Naumwa tangu mlima huu haujaota majani. Nitibuni."

Ungekuwa wewe ungeshavuka mpaka wa Kenya bila viatu. Elisifa alirudi kinyumenyume hadi ukutani, akamwambia asubiri nje; benchi likalia tena kiii.

Mchana akaja mgonjwa wa kweli, Hellen wa duka la jirani. Kukaa tu kwenye benchi, akaruka hadi barabarani.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Nimekalia magoti ya mtu! Ya baridi!"

Jioni Moshi nzima walijua. Hata kuku walikuwa wanazunguka mbali.

Dokta Filemon alikuwa ameshika ufunguo wa gari.

"Mimi naenda kwangu Mwika," alinong'ona. "Baki naye. Umemwita wewe."

"Nimemwita MIMI?"

Gari likaondoka. Elisifa akabaki na hasira zake, si woga tena. Kwani kliniki ndogo mgonjwa akiwashinda mnafanyaje? Hamumfukuzi. Mnampa rufaa. Akavuta fomu, akaandika kwa kalamu ya kutoboa karatasi. Jina: Anayefuata. Ugonjwa: umetushinda. Apelekwe: nyumbani kwa Dokta Filemon, Mwika. Akagonga muhuri, paa! Dari ikamwaga vumbi la miaka kumi.

Fomu ikainuka mezani, ikajikunja mara nne, ikatoka na baridi yake.

Saa moja usiku simu ikalia.

"Sista!" Filemon, sauti ya chini kabisa. "Kuna kitu kimekaa sebuleni. Sikioni. Kimeshika karatasi yenye muhuri wetu. Kiite kirudi, nakuomba, dada yangu!"

"Leo ndiyo dada yako? Siiti mtu tena, Dokta. Mtibu mgonjwa wako."

Akasubiri atukanwe. Badala yake akasikia kiti kinaburuzwa, glasi inapasuka, mtu mzima analia kama mtoto anayechomwa sindano, kisha pumzi, pumzi iliyolikaribia sikio lake hadi simu ikawa ya baridi mkononi.

"Sista Elisifa," ikasema ile sauti nyembamba, kwa adabu zake zote. "Huyu mzee amenishinda. Nimemwandikia rufaa. Usifunge mlango, tunakuja naye."